Mapigo Sita, Mapigo Manane

Wasomaji wengi wa safu hii wananijua kwa fonimu, viambishi na ule ugomvi usiokwisha kuhusu usanifu wa lugha. Wachache mno wanajua kwamba kati ya 1999 na 2004, nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, sehemu kubwa ya karo yangu ilitoka katika harusi za Wahindi. Nilikuwa mcheza santuri. Dijei, kama wasemavyo vijana. Mzee wa Kigujarati aliyekuwa akikodisha mitambo ya muziki mtaani Ngara hakuniajiri kwa sababu ya elimu yangu, bali kwa kuwa niliweza kupandisha vipaza sauti viwili ngazini bila ya kupumzika.

Disemba iliyopita niliirudia kazi hiyo kwa usiku mmoja, baada ya miaka ishirini na ushei. Rafiki yangu wa tangu chuoni alikuwa akimwoza mpwa wake, na dijei aliyekodishwa akaugua siku mbili kabla ya ule usiku wa ngoma unaotangulia harusi. "Daktari," akaniambia kwa simu, "wewe uliyajua sana mambo haya." Nikakubali papo hapo, nikasahau yanayompata mgema akisifiwa.

Hapana shaka wapo watakaouliza mwalimu wa Kiswahili anatafuta nini huko. Jibu langu ni kwamba muziki huu si mgeni kwetu. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki 2014, alijijengea jina kwa kuyatia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi. Sukhbir, ambaye bhangra yake ilichezwa kila ukumbi nilipokuwa mwanafunzi, alikulia papa hapa Nairobi. Na Kuljit Bhamra, mpiga tabla aliyesaidia kuijenga bhangra ya Uingereza, ni mzaliwa wa Kenya. Fauka ya hayo, anayejua Kiswahili akisikiliza nyimbo za filamu hizo hukutana na jamaa zake kila ubeti: dunia, wakati, roho, ajabu, maneno ambayo wao na sisi tuliyapata kwa Waarabu, kila mmoja kwa njia yake. Serikali ilipowatambua Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa jamii ya 44 mwaka 2017, masikio yetu yalikuwa yamekwisha kuwatambua zamani.

Basi nikajitayarisha. Zamani nilibeba makasha ya kanda na sidii. Safari hii niliazima kipakatalishi chenye programu ya kuunganisha nyimbo. Maajabu matupu! Programu husoma kasi ya kila wimbo, ikaandika idadi ya mapigo kwa dakika, kisha ikazilinganisha nyimbo mbili zikaenda sawia. Kazi iliyonichukua mwaka mzima kujifunza kwa sikio sasa hufanywa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Nilikaa nyumbani jioni mbili nikazipanga nyimbo zote kwa tarakimu.

Ukumbini Parklands mambo yalianza vyema. Wanawake wapatao arubaini walikuwa wamefanya duara, wanacheza garba ya makofi, ile ya jadi ambayo mapigo yake huenda sita sita. Wazee walikuwamo, mabinti walikuwamo, hata watoto wenye usingizi. Nikaona wakati umewadia wa kuwachangamsha vijana waliosimama ukutani, nikawatafutia bhangra. Kioo kikaniambia kasi ni ile ile. Nikaiingiza.

Lahaula! Duara likakatika kama uzi wa tasbihi. Mabinti waligongana mabega, mmoja akaivuta nguo ya mwenzake, makofi yakalia ovyo. Bhangra, mpenzi msomaji, huenda kwa mapigo manane. Kasi ilikuwa moja lakini hesabu zilikuwa mbili, na kwenye kioo changu hesabu hiyo haikuandikwa popote. Mimi niliyekuwa nimeinama kusoma tarakimu nilikuwa mtu wa mwisho kugundua. Nami ndimi nimkataye mwanafunzi alama akizidisha mizani moja katika shairi la nane ukwapi na nane utao!

Nikauzima muziki wote. Kimya kile nakikumbuka hadi leo. Vijana wa ukutani wakacheka.

Bibi mmoja, ambaye kila mtu pale alimwita Ba, yaani nyanya, akaja hadi mezani pangu. Alizaliwa Mombasa, na Kiswahili chake kingewaaibisha wengi wa wanafunzi wangu. "Mwanangu," akasema, "sisi hapa twenda kwa sita. Wewe umetutilia nane." Hakungoja niombe radhi. Akarudi katikati ya duara akaanza kupiga makofi peke yake, polepole. Wenziwe wakamfuata, kisha mabinti, mpaka arubaini wakawa wanacheza pasipo mtambo wowote.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee wangu wa Ngara. Kabla hajaniruhusu kugusa mitambo, alinisimamisha kando ya duara harusi tatu nzima, nipige makofi tu. Niliudhika sana wakati ule, nilidhani ananidharau. Safari hii sikwenda kusimama kando ya duara hata dakika moja.

Nikaondoka mezani, nikasimama nyuma ya wale wanawake nikapiga makofi nao. Mizunguko miwili nilikosea, wa tatu nikapata. Ndipo nikarudi, nikaingiza ngoma peke yake, chini chini, nikitazama miguu yao badala ya kioo. Bhangra niliiahirisha hadi wazee walipoketi kula. Ilipopigwa, vijana waliruka mpaka saa saba na nusu.

Nilipokuwa nikikunja nyaya, kijana mmoja alinijia kuuliza natumia programu gani. Nikamtajia, kisha nikamwambia afadhali akamwulize Ba. Tulipogeuka kumtafuta, alikuwa amekwisha kwenda kulala.