Safu Nyekundu ya Kongowea

Katika kaunta buku moja ya duka la vyombo pale Kongowea, Mombasa, kuna safu iliyochorwa kwa wino mwekundu. Kushoto ni tarehe, inafuata pesa taslimu, kisha pesa zilizoingia kwa till ya M-Pesa. Mwisho kabisa, ukingoni mwa ukurasa, kimeandikwa kichwa cha maneno mawili: si mauzo. Chini yake mistari imebanana. Elfu ishirini, chama. Elfu tatu na mia tano, shemeji, karo ya mtoto. Elfu nane, mkopo wa kaka. Mia sita, kalipa mara mbili, karudishiwa.

Mwandiko ni wa mama mmoja mtunza vitabu ambaye hupita kwenye maduka madogo na mkoba begani, akiwaandikia wenyewe hesabu zao kwa malipo ya mwezi. Hana leseni ya wakala wa ushuru, na halifichi hilo. Jina lake hataki litajwe. Wateja wake, anasema, wana siri, na siri hizo ndizo mkate wake.

Mwandishi alikwenda kwake na swali jepesi tu: mwenye duka akiwa na uwezo wa kumlipa mtu mmoja, amlipe nani, mtunza vitabu au wakala wa ushuru aliyesajiliwa? Swali likakwama kwenye safu nyekundu, na halikutoka hapo kwa urahisi.

Tuitazame vizuri hiyo elfu ishirini. Mwenye duka ndiye mweka hazina wa chama cha akina mama ishirini. Kila Ijumaa kila mmoja hutuma shilingi 1,000, na huzituma kwenye till ya duka kwa sababu ndiyo namba wanayoijua wote. Kwa wiki 52 zinafika shilingi 1,040,000. Duka lenyewe huuza kama shilingi 4,200,000 kwa mwaka. Mtu asiyejua habari ya chama, akisoma taarifa ya M-Pesa peke yake, ataona duka la shilingi 5,240,000.

Tofauti hiyo inauma. Tangu Julai 2023, biashara ndogo yenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka hutozwa ushuru wa asilimia 3 ya mauzo ghafi, ule ambao wafanyabiashara huuita TOT. Gharama hazipunguzwi: kodi ya nyumba, nauli ya mkokoteni, vikombe vilivyovunjika njiani, hakuna kinachotolewa. Kwa hiyo pesa za chama zikihesabiwa kuwa mauzo, mwenye duka atalipia shilingi 31,200 kwa mali ya wenzake. Na hapo ni heri. Mpaka wa kujisajili kwa VAT ni mauzo ya milioni 5, na sufuria hutozwa asilimia 16. Duka la milioni 4.2 halijaufikia mpaka. La milioni 5.24 limeshauvuka, na linaweza kuulizwa kwa nini lilinyamaza.

Kubishana na makadirio ya mamlaka ya ushuru, KRA, kuna utaratibu wake. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inampa mlipaji siku 30 za kuwasilisha pingamizi, na ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yana kosa. Sheria hiyo hiyo inamtaka atunze rekodi zake kwa miaka mitano. Pingamizi likikataliwa, mlango unaofuata ni Jopo la Rufaa za Ushuru. Huko ndiko anakohitajika wakala mwenye leseni, anayejua barua iandikweje, kifungu gani kitajwe na siku zinahesabiwa kuanzia lini.

Mtunza vitabu hana ubishi na hilo. Barua ya makadirio ikifika, yeye haigusi. Humwambia mwenye duka atafute wakala siku hiyo hiyo, asingoje wiki iishe. Anachokililia ni kwamba wakala huja mwishoni, na hutetea kwa kile anachokikuta. Anamkumbuka mfanyabiashara aliyempelekea wakala wake rundo la taarifa za till bila kitabu chochote. Wakala, tena mtu makini kwa maelezo ya mama huyu, alikaa akipiga simu moja baada ya nyingine akiuliza zile pesa za Machi ya mwaka juzi zilikuwa za nini. Nani akumbuke?

Mbona basi chama kisihamishiwe namba nyingine? Ameshawaambia. Walikubali, na Ijumaa wakatuma kule kule.

Kuna mahali lakini alipopungukiwa na maneno. Alipoulizwa kuhusu pesa taslimu zinazoingia mfukoni bila kupita kwenye kitabu, alisema yeye huandika anachoambiwa. Je, mwenye duka akificha, anayeandika ana lawama? Na akikosea yeye mwenyewe, nani atalipa? Wakala ana leseni inayoweza kufutwa. Yeye ana jina lake tu hapo sokoni. Kwa hali zote mbili, deni la ushuru hubaki kwa mwenye biashara, na hilo wengi hawalijui mpaka liwafike.

Mtu wa tatu katika habari hii hana kitabu wala leseni. Ni kijana wa saiba, anayejaza fomu za watu kwa bei nafuu huku foleni ikisubiri. Yeye huingia iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, kwa paswadi ya mteja, kwa hiyo kila anachokijaza kinaonekana kuwa kimejazwa na mteja mwenyewe. Wakala aliyesajiliwa huteuliwa ndani ya mfumo na huingia kwa PIN yake mwenyewe, hivyo alama zake hubaki. Mama wa Kongowea anawajua wateja waliojaziwa sifuri miaka mitatu mfululizo ilhali till zao zilikuwa zikilia kutwa.

Kwa duka la kiasi hiki, safu nyekundu ndiyo ya kugharamiwa kwanza. Wakala atafutwe mapema, mauzo yakikaribia milioni 5 au barua ikibisha hodi, na akifika akute kitabu mezani. Anayejiita wakala aombwe leseni kabla hajapewa chochote. Na wewe ambaye paswadi yako ya iTax imeandikwa kwenye daftari la saiba, ibadilishe kabla ya tarehe 20, siku ya mwisho ya kuwasilisha TOT ya mwezi uliopita.