Panda kwa daladala, vuka mabonde kwa miguu

Kila asubuhi mjini Moshi magari ya kampuni za utalii hupakia mahema, mitungi ya gesi na wageni waliovaa viatu vizito, kisha huelekea Machame au Marangu. Stendini nako konda anaita, "Uru, Materuni! Mmoja tu tuondoke!" na ndani ya gari wamekaa watu wanne. Wale wa kwanza wanakwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, na kwa fedha waliyolipa mtu angenunua ng'ombe wa maziwa. Makala hii inawahusu abiria wa gari la pili.

Wengi wetu tumezoea kudhani Kilimanjaro ni mlima wa kupanda au wa kupiga nao picha ukiwa mbali. Kati ya mji na msitu, hata hivyo, upo ukanda wa vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, wanakoishi watu, wenye vijia visivyohesabika, na humo ndani huhitaji mpagazi wala kibali cha hifadhi. Unahitaji nauli, viatu visivyoteleza na siku moja. Siri yake ni kujua jinsi mlima wenyewe ulivyokatwa.

Kuanzia Machame upande wa magharibi hadi Rombo mashariki, miteremko imechanwa na mito: Kikafu, Weruweru, Karanga, Rau, Una na mingine midogo. Kila mto umechimba korongo lake, na katikati ya korongo na korongo limebaki tuta refu la ardhi. Barabara nyingi zimefuata matuta hayo. Daladala hupanda hadi mwisho wa njia, hugeuza na kushuka palepale lilipopita. Vipo vipande vya barabara vinavyokata mlima kwa upana, lakini ni vichache. Mtu wa Kibosho mwenye msiba Uru, ng'ambo tu ya Mto Karanga, akisema aende kwa gari atashuka mpaka Moshi mjini, abadilishe usafiri, apande upya. Kwa miguu anateremka bondeni, anavuka, anapandisha upande wa pili.

Huo ndio utembezi ninaoupendekeza kuliko mwingine wote: kupanda na gari tuta moja na kushuka na gari la tuta jingine, ukilivuka bonde mwenyewe. Unavuka zaidi ya maji. Zamani kila tuta lilikuwa na mangi wake, yaani chifu, na mito ndiyo iliyokuwa mipaka. Katika karne ya 19 Sina wa Kibosho na Rindi wa Moshi walipigana na kuviziana huku makorongo hayo yakiwa ngome zao. Kichaga nacho hubadilika ukivuka: Mmachame na Mrombo wakikutana, Kiswahili ndicho huwasaidia kuelewana. Wamisionari waliofika miaka ya 1890 waligawana matuta hivyohivyo, Walutheri wa Leipzig wakaingia Machame na Old Moshi, Wakatoliki wakashika Kilema na Kibosho. Mpaka leo ukishuka korongo la Weruweru kutoka Machame ukaibukia Kibosho, umetoka kwenye kengele za KKKT, kanisa la Kilutheri, umeingia kwenye kengele za Kanisa Katoliki.

Chukua Uru kwa mfano. Ukishuka mwisho wa gari huko juu, usikimbilie maporomoko ya Materuni kama wafanyavyo wageni, ingawa maporomoko yenyewe ni mazuri na kiingilio kinalipwa hapohapo kijijini. Ingia kwanza vihambani. Juu kabisa kuna miringaringa na miruka yenye matawi mapana. Chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi. Hakuna mstari ulionyooka hata mmoja, na jua linafika ardhini vipande vipande. Mwaka 2011 kilimo hiki kilitambuliwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kuwa urithi wa kilimo wa dunia, na kijiji kilichotajwa kipo hukuhuku Uru: Shimbwe Juu. Bahati mbaya sifa hazinunui mbolea. Kahawa iliyojenga shule za mlimani, ile ambayo wakulima waliiundia chama chao cha KNPA mwaka 1925 na kisha KNCU mwaka 1933, mahali pengi imeng'olewa, na pengine sasa inasimama miparachichi. Iliyobaki ikichanua baada ya mvua, harufu yake inakufikia kabla hujauona mti.

Kati ya kihamba na kihamba hakuna ukuta wa matofali wala seng'enge. Kuna mstari wa mimea ya masale. Jani la isale ndilo anashika Mchaga anapokwenda kumwomba radhi mtu aliyemkosea, na mstari wa masale huheshimiwa kuliko bikoni ya mpima ardhi.

Tafuta mfongo. Ni mfereji wa kienyeji unaoyatoa maji mtoni huko juu kabisa na kuyatembeza ubavuni mwa mlima hadi mashambani. Wazungu wa kwanza kufika hapa katika karne ya 19 waliikuta mifongo hii inafanya kazi, ikiwa na wazee wa kupanga zamu za maji. Kwa mtembeaji ina faida ya pekee: maji hayapandi, na yakishuka kwa kasi yanabomoa kingo, kwa hiyo waliochimba waliufanya mfongo uinamie chini kidogo mno. Ukifuata ukingo wake unatembea karibu tambarare katika nchi ambayo kila njia nyingine ni ngazi. Pale maji yanapogawanywa utaona tope limeshindiliwa na vigogo vya migomba kuziba tundu. Mwenye zamu huja na jembe, hupiga mara mbili tatu, na maji hugeuka kwenda kwake. Baadhi ya mifongo imekauka au nafasi yake imechukuliwa na mabomba, na hiyo ndiyo hasara inayoniuma kuliko ya kahawa.

Utembezi wa namna hii upo kwingine pia. Waingereza wana desturi ya kutembea mashambani mwishoni mwa wiki: wanashukia kijiji hiki na kupandia basi kijiji kingine. Njia zao zinalindwa na sheria ya mwaka 1949 iliyoziagiza halmashauri kuzichora ramanini. Haikuja bure. Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi kutoka Manchester na miji jirani, waliingia kwa makusudi mlima Kinder Scout, uliokuwa umefungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege, na baadhi yao wakatupwa jela. Kwetu njia ya kihambani aghalabu haimo ramanini. Inapita nyuma ya jiko la mtu, karibu na zizi, mara nyingine kando ya makaburi ya ukoo. Kinachokuruhusu kupita ni salamu. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwatoka wapi?" Jibu kamili, useme na unakokwenda, maana bila hivyo utaonekana mpelelezi au dalali wa viwanja. Ukijua kusema "shimbonyi", salamu ya Kichaga, na "aika", yaani asante, utaonyeshwa njia ya mkato, na huenda ukakaribishwa mtori.

Asiyetaka kupandisha sana aende Old Moshi. Gari linapita Kiboriloni, kwenye soko la mitumba, kisha linapanda hadi Kidia, kwenye usharika ambako mchungaji Bruno Gutmann alikaa miaka mingi akiandika mila za Wachaga. Kutoka huko ni kuteremka tu, upite Tsudunyi, mahali Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli wa Moshi na viongozi wenzake tarehe 2 Machi 1900. Fuvu lake linaaminika kupelekwa Ujerumani, na ukoo umelitafuta kwa miaka mingi. Wenyeji watakuonyesha mti alionyongewa. Mkalishe mzee mmoja akusimulie, na usiwe na haraka ya daladala.

Popote utakapotembea, juu kuna mpaka. Vihamba vikiisha unaingia nusu maili, ukanda uliotengwa tangu 1941 ili wananchi wapate kuni na majani ya ng'ombe, na ukiupita huo upo ndani ya hifadhi. Tangu mwaka 2005 msitu wote wa asili ni wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro (KINAPA), na askari hawatasikiliza kwamba ulikuwa unafuata mfongo. Ukiona nyumba zimekwisha, geuka.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, mlima unapoonekana asubuhi na mapema kabla ya mawingu. Juni hadi Septemba kuna baridi na ukungu, lakini njia ni kavu. Masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu unateleza kama sabuni, na hata wenyeji hushika migomba. Muulize konda saa ya gari la mwisho, na Jumapili muulize mara mbili. Likikuacha, bodaboda wapo, bei mtapatana. Desemba usihangaike kabisa: Wachaga wote wamerudi nyumbani, nauli zimepanda, na kiti utakachopata kitakuwa na mbuzi wa Krismasi miguuni.