Karafuu, Vanila na Mgawanyo wa Elektroni

Eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu za Unguja na Pemba, na vanilini, ambayo huipa vanila harufu yake, ni molekuli mbili zinazofanana kwa karibu sana. Kila moja imejengwa juu ya pete ya benzini, yaani atomu 6 za kaboni zilizoungana kwa duara, na katika kila moja pete hiyo imebeba kundi la haidroksili, lenye oksijeni na haidrojeni, pamoja na kundi la metoksi lililokaa jirani yake. Tofauti iko upande wa pili wa pete, mkabala na haidroksili, ambako eujenoli ina mkia mfupi wa kaboni 3 uitwao alili, ilhali vanilini ina kundi la aldehidi, yaani kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa kifungo maradufu. Undugu huo ndio uliowezesha viwanda vya Ulaya, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kutengeneza vanilini kutokana na mafuta ya karafuu.

Hata hivyo, zikiwekwa katika maji yenye magadi, ndugu hao wawili huachana njia. Nguvu ya asidi hupimwa kwa namba iitwayo pKa, ambayo hushuka kadiri asidi inavyozidi kuwa kali, na kila inaposhuka kwa 1 ukali huwa umeongezeka mara 10. Fenoli, ambayo ni pete ya benzini yenye haidroksili peke yake, ina pKa ya 10.0 hivi, eujenoli ina takriban 10.2, na vanilini takriban 7.4. Kwa hesabu hiyo vanilini ni asidi kali kuliko eujenoli kwa zaidi ya mara 600, ingawa haidroksili inayotoa protoni ni ileile na imekaa mahali palepale.

Sababu yake huonekana pale haidroksili inapoachia protoni, kwa kuwa oksijeni inayobaki hulemewa na chaji hasi, na molekuli hutulia zaidi ikiwa mzigo huo utagawanywa kwa atomu nyingine. Sehemu ya chaji huingia katika pete na kufika hadi kwenye kaboni ya mkabala, ambako katika vanilini hukutana na aldehidi, ambayo oksijeni yake huipokea na kuihifadhi. Katika eujenoli, kaboni ya kwanza ya mkia wa alili tayari imeshiba vifungo vyake, hivyo haina nafasi ya kupokea chochote. Kundi linalofanya kama aldehidi huitwa kundi livutalo elektroni, na wenzake ni nitro, siano na kaboksili. Kundi linaloongeza elektroni kwenye pete, kama vile metili, amino au haidroksili yenyewe, huitwa kundi litoalo elektroni.

Elektroni husogezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni induksheni, ambapo atomu yenye uchu mkubwa wa elektroni huzivuta kupitia vifungo vya kawaida, na mvuto huo hufifia haraka kadiri umbali unavyoongezeka. Ya pili ni rezonansi, ambapo elektroni za vifungo maradufu, au jozi za elektroni ambazo hazijatumika katika kifungo chochote, husambaa katika pete nzima, lakini athari yake huangukia hasa kaboni za jirani na ile ya mkabala, huku zile zilizo katikati yake zikiguswa kidogo tu.

Njia hizo mbili zinaweza kupingana ndani ya kundi moja, na metoksi ni mfano ulio wazi. Oksijeni yake huvuta elektroni kwa induksheni, lakini jozi zake zisizotumika hutoa elektroni kwa rezonansi, kwa hiyo swali la iwapo metoksi hutoa au huvuta halijibiki kabla ya kujua imekaa wapi. Mwaka 1937, Louis Hammett, mwanakemia wa Marekani, aliyapima makundi ya namna hii kwa kutumia asidi ya benzoiki kama kipimo. Asidi hiyo ina pKa ya 4.20, metoksi ikiwekwa mkabala na kundi la asidi, namba hupanda hadi 4.47, maana rezonansi imeshinda na asidi imedhoofika, lakini ikisogezwa kaboni moja tu, mahali ambapo rezonansi haifiki vizuri, namba hushuka hadi 4.09 na asidi huwa kali kuliko ilivyokuwa mwanzo. Nitro haina mgongano huo, kwa sababu huvuta kwa njia zote mbili, na ndiyo maana fenoli iliyobebeshwa nitro 3 hugeuka asidi ya pikriki, yenye pKa inayokaribia 0.4.

Tofauti kati ya eujenoli na vanilini inaweza kutumika moja kwa moja katika maabara. Katika maji yanayodhibitiwa yabaki kwenye pH 9, takriban asilimia 97 ya vanilini huwa imepoteza protoni na kuwa ioni inayoyeyuka kwa urahisi, wakati ni asilimia 6 hivi tu ya eujenoli iliyofikia hali hiyo. Mchanganyiko wa dutu hizo mbili uliomo katika etha ukitikiswa na maji hayo, vanilini huhamia kwa wingi kwenye maji na eujenoli hubaki juu katika etha. Kisha maji yakishatengwa na kutiwa asidi, ioni hurudishiwa protoni yake, na vanilini huweza kuchujwa ikiwa chembechembe nyeupe.