Amri na Mwaliko: Lugha ya Mazoezi ya Nyumbani kwa Wazee wa Nakivale na Mbarara

Makala haya yanajadili swali ambalo kwa kawaida huachiwa wataalamu wa afya: kwa nini mzee huanza kufanya mazoezi nyumbani kwa kufuata video anazotumiwa kwenye simu, kisha akayaacha baada ya siku chache? Majibu yaliyozoeleka ni gharama ya intaneti, uhaba wa umeme na simu moja inayotumiwa na familia nzima. Majibu hayo ni ya kweli. Hoja yangu ni kwamba kusini-magharibi mwa Uganda kipo kizuizi kingine, nacho ni cha kisarufi. Maelekezo ya mazoezi kwa Kiswahili hutolewa katika hali ya amri, na amri ya Kiswahili ina historia yake masikioni mwa wazee hawa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na kwa siku tatu au zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusawazisha mwili ili wasianguke. Faida hizo hupungua mtu anapoacha. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ambako Wakongo ni wengi, bibi akivunjika nyonga haumii peke yake; wajukuu anaowalea hukosa mpishi na mlezi.

Kiswahili kiliingia Uganda kwa njia kadhaa, lakini kwa wakazi wengi wa Mbarara kilisikika kwanza kutoka vinywani mwa askari. Kilikuwa lugha ya jeshi la kikoloni, kikaendelea kuwa lugha ya kambi na vizuizi vya barabarani. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, sifa hiyo haikufutika. Mtu aliyezaliwa mwaka 1955 alikuwa kijana wakati majeshi ya Tanzania yalipouteka mji wa Mbarara mapema mwaka 1979 na sehemu kubwa ya mji ikaharibiwa. Kwa upande wa Nakivale, Wakongo wengi wenye umri huo walipitia vita vya 1996 na 1998. Kwao Kiswahili ni lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya kanisani, lakini pia ndiyo lugha ambayo watu wenye silaha waliwaamrishia.

Sasa tuisikilize video ya mazoezi kwa masikio hayo. “Inua mikono juu! Piga magoti! Lala chini!” Mtafsiri hana kosa la msamiati. Amehamisha tu kitenzi kitupu cha Kiingereza, ambacho katika muktadha wa mazoezi hakina ukali, akakiweka mahali ambapo umbo hilohilo ni sauti ya bunduki. Hata neno mazoezi lenyewe hutumika kwa gwaride na mafunzo ya kijeshi, ingawa asili yake ni kitenzi zoea, chenye maana ya upole kabisa.

Lugha ina njia nyingine. Hali tegemezi, yenye kiishio -e, hugeuza amri kuwa mwaliko, hasa ikichukua nafsi ya kwanza wingi: tuinue, tusimame, tupumzike. Umbo hili linamweka msemaji ndani ya kazi pamoja na msikilizaji. Msemaji wa Runyankore hulitambua bila kufundishwa, kwa kuwa lugha yake nayo husema tugyende. Badala ya “inua mikono juu”, mwelekezaji angesema, “Mzee, tunyooshe mikono kama tunaoanika nguo.” Kupiga magoti kungeachwa kabisa, nafasi yake ichukuliwe na kuinuka polepole kutoka kwenye kigoda kilichoegemezwa ukutani. Kutembea kisigino kikifuata kidole kungeelezwa kuwa ni kupita kwenye kijia chembamba kati ya migomba.

Miito nayo isipuuzwe. Kijana anayemwambia mzee “wewe” kupitia simu hawezi kufidia kosa hilo kwa tabasamu. Wakongo wengi watataka kusikia koko, Wanyankore shwenkuru kwa babu, na pale msikilizaji asipojulikana, mzee na mama yatatosha. Vivyo hivyo kwa simu ya ufuatiliaji. “Umefanya mazoezi?” ni swali la mkaguzi, na jibu lake jepesi ni uongo wa adabu. “Tuliishia wapi jana, mama?” humpa nafasi ya kueleza kwamba goti lilikuwa likiuma.

Mtu anaweza kupinga kwamba mazoezi yanahitaji maneno mafupi ili mwendo ulingane. Ni kweli, lakini kazi hiyo hufanywa na hesabu: moja, mbili, tatu, baada ya mwaliko kutolewa. Amri tupu ningeihifadhi kwa hatari pekee. “Acha! Shika ukuta!” itasikika kwa uzito wake ikiwa haikupotezwa kwenye kila tendo.

Kwa watunga sera, mambo mawili yanafuata. Maelekezo yakishakuwa na picha za kazi za nyumbani, hayahitaji video. Rekodi ya sauti hutosha, hutumia data kidogo, na mzee hahitaji kukodolea macho kioo kidogo. Jambo la pili ni la kodi. Ushuru wa shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, ulioanza Julai 2018, uliondolewa mwaka 2021 na badala yake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 kwa data ya intaneti, isipokuwa data ya kutolea huduma za matibabu na elimu. Mazoezi ya kuzuia kuanguka, yakiandaliwa chini ya hospitali au chuo kikuu kama kile cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, yanastahili kuombewa msamaha huo, na ombi hilo liandikwe kabla rekodi ya kwanza haijatumwa.