Mpangaji anaondoka, uchafu wake unabaki na nani?

Salamabila chumba hakikai wazi muda mrefu. Ikisikika tu kwamba shimo fulani limeanza kutoa, watu wanaingia: wa Kasongo, wa Kindu, wa Fizi, wengine hata wa Bukavu. Hawaji kujenga, wanakuja kutafuta. Wanaomba chumba cha wiki moja, cha wiki mbili, cha mwezi, na shimo likikauka wanafunga mizigo. Mama mwenye nyumba anasogeza watoto wote mu chumba kimoja, kile kingine anakipangisha kwa wachimbaji wanne au sita.

Feza hiyo ni muzuri, tusidanganyane. Inalipa masomo ya watoto, inanunua dawa na mabati. Tena tangu Septemba 2019, wakati kampuni ya Banro ilitangaza kusimamisha kazi kwenye mgodi wa Namoya, jamaa zilizokuwa zinategemea mshahara zimejua thamani ya kila mpangaji anayegonga mlango.

Lakini hesabu mingi zinafanywa upande mmoja tu. Tunahesabu feza ya chumba, hatuhesabu maji, choo, makala na takataka. Na hatuhesabu kabisa kile kinachochomwa usiku nyuma ya nyumba. Mpangaji anaenda zake, vyote hivyo vinabaki mu parsele, pamoja na watoto wenye kulala pale.

Jambo hili haliko letu peke yetu. Zanzibar, kisiwa chenye kupokea wageni wa kila inchi, shirika la Tourism Concern lilitoa uchunguzi mwaka 2012 juu ya maji. Jamaa moja ya kijiji ilikuwa inatumia karibu litri 93 kwa siku. Chumba kimoja cha nyumba ya wageni ya kawaida kilitumia karibu litri 686, na chumba cha hoteli kubwa kilipita litri 3.000. Visima ni vya wanakijiji, lakini mgeni ndiye aliyekuwa anavimaliza. Kwetu hakuna hoteli yenye bwawa la kuogelea, lakini swali ni lile lile: anayepita anatumia, anayebaki analipa.

Maji na choo

Tuhesabu pamoja. Wenye kazi ya misaada wanasema mtu mmoja anahitaji angalau litri 15 za maji kwa siku, za kunywa, kupika na kuosha mwili. Wapangaji sita wanafanya litri 90, ni kusema bidoni nne na nusu za litri 20. Nani anaenda kuzichota? Mara nyingi ni binti wa nyumba, asubuhi mbele ya masomo. Na mchimbaji aliyetoka mu shimo na udongo mpaka kwenye nywele hatosheki na litri 15.

Dawa yake ni nyepesi: kila mpangaji awe na bidoni yake, na aijaze yeye mwenyewe. Mtu akibeba maji kwa kichwa chake mwenyewe hawezi kuyamwaga ovyo.

Choo vilevile. Kanuni ya watu wa afya ni choo kimoja kwa watu 20, isizidi. Jamaa ya watu wanane ikipangisha vyumba viwili, kila kimoja watu sita, imefika palepale 20. Chumba cha tatu kikiongezwa, choo kinajaa upesi, mvua inakifurika, na uchafu unatafuta njia ya kwenda kwenye kisima. Ndiyo maana wanasema choo kiwe mbali na kisima metre 30 au zaidi, na chini ya shimo la choo pabaki metre moja na nusu mbele ya kufika kwenye maji ya ardhi. Kolera haiulizi nani mwenye parsele na nani mpangaji. Bidoni ya maji na kipande cha sabuni mlangoni pa choo, au hata majivu kama sabuni imekosa, vinaokoa watu wengi.

Makala na takataka

Wapangaji sita na mbabula sita: kila mmoja anawasha makala yake, kila mmoja anapika bugali yake. Huo ni moto wa kupoteza. Kupata kilo moja ya makala kwa tanuri yetu ya udongo, miti ya kilo tano inaungua, mara nyingi hata zaidi. Msitu wenye kuzunguka Salamabila umeshatoa mbao za kutegemeza mashimo, usiongezewe na mzigo huu. Wapangaji wachange, wapike chungu kimoja, na maharagi yalowekwe usiku ili yaive upesi. Hapo gunia moja la makala litafanya kazi ya magunia mawili au matatu, na feza inabaki mfukoni mwa mchimbaji mwenyewe.

Kisha kuna sashe na mawe ya tochi. Dekre ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza sashe za plastiki mu inchi yetu, lakini kila mtu anaona ginsi zinavyojaa mu mifereji. Maji yakisimama pale, mbu wanazaa, na malaria inaingia nyumbani. Mawe ya tochi yaliyokwisha yasitupwe mu choo wala mu moto, juu yana sumu ya kuingia mu maji na mu moshi. Yawekwe mu bidoni ya zamani yenye kufungwa, mbali na watoto. Anayeweza kununua tochi ya kuchaji kwa jua, anunue: mawe yatapungua kabisa.

Merkire ndani ya parsele

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mchimbaji akishapata dhahabu yake kidogo, anaikamata kwa zebaki, ile tunayoita merkire, kisha anaichoma ili dhahabu ibaki peke yake. Wengi hawataki kuchoma mbele ya watu, wanaogopa wezi na wenye kuomba. Wanachoma kwa mbabula ya mama mwenye nyumba, nyuma ya jikoni, wengine mu chumba chenyewe na mlango umefungwa.

Moshi wa merkire hauna rangi, hauna harufu. Aliye karibu anauvuta bila kujua. Unaingia mu ubongo na mu figo: mikono inatetemeka, usingizi unapotea, mtu anasahau, anakasirika bila sababu. Mtoto mdogo na mama mwenye mimba ndio wanaumia kuliko wote, juu sumu hiyo inafika mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Ule usiovutwa unatua kwenye bati, kwenye kuta, kwenye mablanketi na sufuria. Kisha unatoka tena polepole, siku kwa siku. Kwa hiyo mpangaji anaweza kuwa ameshafika Kasongo, na mtoto wa nyumba bado anavuta merkire yake. Ile inayomwagika na maji inaenda mu kijito, inaingia mu samaki, na mito yetu yote inaishia Lualaba.

Mapatano ya Minamata juu ya zebaki, yaliyoanza kufanya kazi tarehe 16 Agosti 2017, yanataja kuchoma merkire karibu na nyumba za watu kati ya vitendo vibaya vinavyopaswa kukomeshwa. Hayakusema mchimbaji aache kazi. Yalisema asichomee mahali watu wanaishi.

Kuna chombo kinaitwa retorti, chungu cha chuma chenye kifuniko na mrija. Mvuke unapita mu mrija, unapozwa na maji, unarudi kuwa merkire ya kutumika tena. Mchimbaji anapoteza merkire kidogo sana, ni kusema anatumia feza kidogo. Lakini retorti nayo haiingii mu nyumba: ni ya nje, mbali na watu, na isifunguliwe mbele ya kupoa. PDG wa shimo moja na wenzake wanaweza kuchanga, wanunue moja, watenge mahali pamoja pa kuchomea chini ya upepo wa mtaa, na walinzi wao. Watumishi wa Saemape wapo kwa kazi ya kusaidia wachimbaji wadogo. Waulizwe, wasingojewe paka siku ya taksi.

Tuambiane mbele ya feza

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Chumba cha kupanga kina jembe lake pia, lakini liwekwe mlangoni siku ya kwanza, mbele feza haijapokelewa. Mambo ni matano: bidoni yako ujaze mwenyewe, choo mtakiosha kwa zamu, mtapika chungu kimoja, sashe na mawe ya tochi mahali pake, merkire haichomwi mu parsele hii, mchana wala usiku.

Mama mwenye nyumba akisema hivyo peke yake, mpangaji ataenda kwa jirani asiye na masharti. Hii ndiyo sababu avenyu nzima inapaswa kusema neno moja, pamoja na chef wa mtaa na watu wa zoni ya afya. Wote wakikataa merkire, mpangaji hana pa kukimbilia, na bei ya chumba haitashuka.

Na wewe ndugu mchimbaji, mke wako na watoto wamebaki nyumbani, pengine nao wamepokea wapangaji mu chumba chako. Ishi kwa watu kama unavyotaka mpangaji yule aishi kwao.