Unauza asali? Chupa iwe safi, na iwe kavu

Ukipakia asali nyumbani ili uiuze Sultan Hamud au kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, huenda unatumia chupa zilizokwisha tumika. Wafugaji wengi wa nyuki huziosha vizuri, kisha huzijaza zikiwa bado na maji. Hapo ndipo hasara huanzia.

Wazee wa Ukambani wanajua kwamba asali ikitiwa maji na kuwekwa penye joto huchacha, ikawa uki. Asali huwa na chachu ya asili, lakini haifanyi kazi maji yakiwa machache. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji ndani ya asali, kwa kawaida, yasizidi asilimia 20. Matone yaliyobaki kwenye chupa hulainisha asali inayoyagusa, na chachu huanza kazi. Baada ya muda utaona povu, utasikia harufu kali, na kifuniko kitasukumwa na gesi. Mteja akiipata hivyo, atadhani umechanganya asali na maji, na hatarudi.

Fuata hatua hizi:

1. Chagua chupa za kioo. Usitumie kamwe chombo kilichowekwa dawa ya mimea au ya mifugo, mafuta ya taa au rangi, hata kikioshwa mara ngapi.

2. Loweka chupa, bandua karatasi ya nje, kisha sugua ndani kwa brashi, sabuni na maji ya moto. Suuza kwa maji safi hadi povu liishe.

3. Panga chupa ndani ya sufuria yenye maji baridi, ndipo uwashe moto. Ukizitia kwenye maji yanayochemka zitapasuka. Yakichemka, hesabu dakika 10.

4. Ziinamishe kwenye uchaga safi, mbali na vumbi na nzi. Usizifute ndani kwa kitambaa.

5. Zikikauka, ziinue kwenye mwanga. Ukiona ukungu au tone, subiri.

6. Kausha vifuniko pia. Vyenye karatasi au koki ndani hushika maji, kwa hivyo nunua vipya.

Chupa za plastiki za soda hujikunja kwenye maji ya moto, hivyo haziwezi kuchemshwa. Usizirudie kwa asali ya kuuza.

Kwa ushauri zaidi, muone afisa wa afya ya umma au afisa wa mifugo katika wadi yako.