Breki Ikigoma Kuachia

Ukiisukuma pikipiki yenye breki ya diski na tairi la mbele likawa zito wakati hujashika breki, usikimbilie kununua pedi. Mara nyingi shida iko ndani ya kalipa: pistoni imeganda. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewani. Maji hayo ndiyo yanayoleta kutu.

Toa pedi, kisha minya breki taratibu ili mafuta yasukume pistoni nje. Ukianza kufungua hozi, nguvu hiyo umeipoteza. Pistoni yenye vishimo vya kutu ni ya kutupa, msasa hauiponyi.

Toa mipira kwa kijiti, siyo bisibisi. Sasa angalia mfereji ambamo mpira unakaa. Humo hujengeka unga mgumu mweupe, unaousukuma mpira uibane pistoni. Mpira wa ndani ndio unaoirudisha pistoni nyuma ukiachia breki, kwa hiyo kuweka mpira mpya kwenye mfereji mchafu ni kutupa hela. Kwangua unga wote, osha kwa spiriti, paka mafuta mapya ya breki, kisha rudisha. Petroli na oili kaa navyo mbali, huvimbisha mipira.

Kutoa upepo kunahitaji subira tu. Jaza kikopo cha juu mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Vesha mpira mwangavu kwenye nati ya kutolea upepo, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Minya breki, shikilia, legeza nati, kaza, ndipo uachie. Rudia mpaka mapovu yaishe na breki iwe ngumu. Kikopo kisikauke.

Kwa nini ujisumbue? DOT 4 mpya huanza kuchemka kuanzia nyuzi 230. Ikishanyonya maji inaweza kushuka hadi 155. Kwenye miteremko ya kuelekea Muleba, una abiria na mkungu wa ndizi, mafuta yakichemka huwa mvuke, na breki unaiminya mpaka usukani bila pikipiki kusimama. Badilisha mafuta kila miaka 2.

Ukimaliza, minya kwa nguvu dakika moja, kagua kama panavuja, halafu jaribu tambarare kwanza. Bado inalegea? Mpelekee fundi, mteremko usubiri.